Deni la Chuo: Lilikotoka, na Kwa Nini Bibi Harusi Alijue Kabla ya Nikaha



Msimu wa harusi ukikaribia tunazungumza mahari, sanduku, hina, nguo za kupambia na chakula cha walima. Lipo jambo moja ambalo halitajwi kwenye posa wala kungwi hamfundishi mwali: deni la chuo. Mabibi harusi wengi wa Unguja na Pemba siku hizi wamesoma, na wengi wao wamesoma kwa mkopo wa Serikali. Binti anaingia kwa mumewe na cheti mkononi na deni mgongoni. Mume naye huja kulijua siku anapoona makato kwenye mshahara wa mkewe, na maneno huanzia hapo.

Leo tumeona tulieleze deni hili tangu lilikotoka. Si historia ndefu, mama zetu wameiona karibu yote kwa macho yao. Na ukiifuata utaona mambo mawili. La kwanza, elimu ya chuo kikuu kwa fedha za Serikali haijawahi kuwa zawadi tupu; ilikuwa deni tangu mwanzo, kilichobadilika ni namna ya kulilipa. La pili, kwa muda mrefu mlango wa kukopa ulifunguliwa kwa mwenye kwenda chuo kikuu, na msichana aliyekwenda kujifunza cherehani akaachwa barazani.

Deni lililolipwa kwa utumishi

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo Zanzibar. Kwa watoto wa kike lilikuwa jambo kubwa. Mzazi mwenye watoto wanne na ada ya mmoja alikuwa lazima achague, na aliyechaguliwa mara nyingi hakuwa binti.

Lakini hiyo ilikuwa skuli. Chuo kikuu hapa visiwani hakikuwapo. Aliyefaulu alivuka bahari kwenda Dar es Salaam, ambako chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 kwa kuanza na masomo ya sheria, au alikwenda Makerere, au mbali zaidi. Baada ya uhuru, fedha za umma ndizo zilizosomesha wengi wao. Kwa hiyo waliosomeshwa walitakiwa kurudisha fadhila kwa kulitumikia taifa.

Wako walioona mzigo ni mkubwa. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kufanywa lazima kwa wasomi, maana wakati wa utumishi huo wangelipwa sehemu tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alichotaka kieleweke ni kuwa mkulima asiyejua kusoma ndiye aliyewalipia, na wao wana wajibu kwake.

Fikra hiyo si ngeni kwetu Waislamu. Katika sira tunafundishwa kuwa mateka wa Badri waliojua kusoma na kuandika walikombolewa kwa kuwafundisha watoto kumi wa Madina. Deni lao lililipwa kwa elimu, na hakuna aliyeona haya kwa hilo.

Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma. Mwanafunzi wa kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda chuo kikuu moja kwa moja, ilibidi kwanza afanye kazi. Kwa mvulana haikuwa na ubaya. Kwa msichana, miaka ile ndiyo ya posa. Alimaliza skuli, akaenda kazini, akaolewa, akapata mtoto, na chuo kikabaki kuwa hadithi. Idadi ya wasichana ilishuka, hata haikuchukua muda mrefu wakasamehewa sharti lile. Tunalitaja kwa sababu linafundisha: kanuni inayoonekana sawa kwa wote inaweza kumwangukia mwanamke kwa uzito mwengine.

Deni linageuka kuwa pesa

Miaka ya 1980 uchumi uliyumba. Waliokuwa wakubwa wakati huo wanakumbuka foleni za sukari na khanga za kugawana. Serikali haikuweza tena kubeba kila kitu chuoni, ikaja sera ya kuchangia gharama. Kuanzia Januari 1992 mwanafunzi na mzazi walianza kubeba vitu vidogo vidogo kama nauli, ada ya maombi na ya usajili. Mwaka wa masomo 1994/95 wakaingizwa kwenye chakula na malazi, na kwa asiyeweza Serikali ikatoa mkopo. Mikopo ya wanafunzi wa Tanzania huhesabiwa tangu mwaka huo.

Ulikuwa mkopo kwa jina, lakini kwa miaka kumi hivi hakukuwa na bodi maalumu ya kuufuatilia. Mtu alimaliza masomo akaenda zake. Ndipo ikatungwa Sheria Nambari 9 ya 2004 iliyoanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Waliokopa tangu 1994 wakaanza kutafutwa, wengine wakiwa wana watoto wanaojiandaa wenyewe kwenda chuo.

Kwetu visiwani mambo nayo yalikuwa yanabadilika. Mwaka 1998 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu, na mwaka huohuo chuo cha ualimu cha Chukwani. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilianzishwa kwa sheria ya 1999 na kupokea wanafunzi mwaka 2001. Msichana ambaye baba yake asingekubali avuke bahari peke yake sasa alipanda daladala asubuhi na jioni akala chakula cha mama yake. Mlango ulikuwa karibu, ikabaki ada.

Elimu ya juu imo katika orodha ya mambo ya Muungano, lakini Zanzibar iliona haja ya kuwa na chombo chake. Kwa Sheria Nambari 3 ya 2011 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Mabinti wengi tunaowashonea nguo za harusi leo wamepitia mikono ya bodi hiyo.

Asilimia 6 iliyotusumbua

Hapa tunaomba mtulie, maana ndipo dini inapoingia moja kwa moja.

Kwa mkopo wa ile bodi ya Muungano, mdaiwa hakulipa alichochukua peke yake. Iliwekwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, ikaitwa tozo ya kulinda thamani ya mkopo. Aliyechelewa kulipa aliongezewa adhabu ya asilimia 10. Tena marekebisho ya sheria ya 2016 yakapandisha makato ya mshahara kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15.

Tupige hesabu kama tunavyohesabu vitambaa. Chukua mwalimu anayedaiwa shilingi 8,000,000 na mshahara wake ni 600,000. Asilimia 6 ya deni ni 480,000 kwa mwaka, yaani 40,000 kila mwezi. Kwa makato ya asilimia 8 alikatwa 48,000. Ukitoa 40,000 ya tozo, deni lenyewe lilipungua kwa 8,000 tu. Kwa makato ya asilimia 15 alikatwa 90,000, na 40,000 ya mwanzo ikaishia kwenye tozo. Ndiyo maana watu walilipa miaka na miaka, na wakiomba taarifa ya deni wanalikuta limekaa palepale kama halijaguswa.

Serikali ilisema ni kulinda thamani ya fedha. Waislamu wengi waliuliza: nyongeza iliyoshurutishwa juu ya deni, inayokua kwa kupita muda, tuiite jina gani? Sisi si masheikh na hatutoi fatwa. Tunajua tu kuwa wako wasichana waliokataa mkopo na kukaa nyumbani kwa ajili ya asilimia hiyo 6, na wako waliouchukua kwa kuona hawana njia nyengine, huku roho zikiwauma. Wote walikuwa wanamcha Mungu, na wote waliwekwa pabaya.

Tarehe 1 Mei 2021, siku ya wafanyakazi huko Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan, mwanamke wa hapahapa Zanzibar, alitangaza kuifuta tozo ile ya asilimia 6. Ilikoma kuanzia Julai 1 mwaka huo, na adhabu ya asilimia 10 nayo ikaondolewa. Rudi sasa kwa mwalimu wetu wa 8,000,000. Makato yake ya 90,000 yote yanakwenda kwenye deni, na baada ya miezi 89, yaani miaka 7 na miezi 5, amemaliza. Deni limekuwa lina mwisho unaohesabika.

Mwenye kuliona hili ni dogo awaulize ndugu zetu waliohamia Uingereza. Kule England ada ilipopandishwa mwaka 2012 hadi pauni 9,000 kwa mwaka, mikopo ya wanafunzi ikawekewa riba ya juu kuliko ya zamani. Waislamu walilalamika, Serikali ikakusanya maoni yao mwaka 2014, na mwaka 2017 sheria ikaruhusu kuanzishwa mfumo usio na riba. Miaka ikapita bila ya mfumo huo kuanza. Wako mabinti wa Kiislamu kule, wakiwamo wenye asili ya huku kwetu, ambao bado wanachagua baina ya chuo na dhamiri zao. Sisi tumetolewa kwenye mtihani huo, alhamdulillah.

Na fundi cherehani alikuwa wapi?

Tumeeleza miaka sitini, na humo hamna cherehani hata moja. Hatukusahau, ndivyo ilivyokuwa. Angalia majina ya bodi zenyewe, zote ni za elimu ya juu.

Mwaka 1994, ule ule ulioanza mikopo ya chuo kikuu, Tanzania Bara ilitunga sheria iliyoanzisha VETA. Fedha za VETA zilitokana na tozo ya waajiri na zilikwenda kwenye vyuo, si mkononi mwa mwanafunzi. Zanzibar nayo ilipata Mamlaka ya Mafunzo ya Amali mwaka 2006, na vituo vikafunguliwa Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji kule Pemba. Ni neema kubwa. Lakini jengo si mkopo.

Sisi tuliopita kozi ya ushonaji tunajua kuwa gharama yake haikai kwenye ada. Ada inaweza kuwa ndogo ukafurahi, kisha unaambiwa ulete mkasi, futi kamba, uzi wa rangi zote, na kitambaa cha kukata na kuharibu mpaka mkono uzoee. Nauli ya kila siku ipo palepale. Na ukimaliza, cheti bila ya cherehani ni karatasi ya kutundika ukutani. Anayelipa yote haya ni upatu wa mama, au bangili ya bibi iliyouzwa Darajani, au kaka aliyebania posho yake.

Katika mwaka 2023/24 lilitokea jambo jipya kwa upande wa Muungano. Bodi ile ilikopesha wanafunzi wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele, zikatengwa shilingi bilioni 48 kwa wanafunzi 8,000. Mlango umefunguka kidogo, tunashukuru. Lakini stashahada bado si kozi ya cheti ya kushona, kupika, kusuka au kupamba, na huko ndiko waliko wasichana wengi ambao kidato cha nne hakikuwaendea vizuri.

Kwa nini wameachwa? Ukitazama namna mkopo unavyorudishwa utapata sehemu kubwa ya jibu. Bodi hukusanya kwa kupitia mwajiri. Mwalimu na nesi wana mshahara, unakatwa kabla haujawafikia. Fundi hana hati ya mshahara, pesa yake inakuja Sikukuu na msimu wa harusi, na mwezi wa Mfunguo fulani inakauka kabisa. Mkopeshaji anaona hapa hapana pa kukata.

Sisi tunasema pana. Upatu wa wanawake haujawahi kuwa na mwajiri wala hati ya mshahara, na pesa zinatoka kila wiki kwa sababu kila mmoja anamjua mwenzake mpaka mlango wa nyumba. Msichana wa amali akikopeshwa si pesa bali cherehani na vifaa, akadhaminiwa na wenzake watano wa kozi moja, akalipa kidogo kidogo kwa kufuata misimu yake, atalipa. Tena huenda akaanza mapema kuliko wa shahada, maana kozi yake ni fupi na mteja wake wa kwanza ni jirani. Wanaotunga sheria wakitusikia, tunaomba walifikirie hili: namna ya kukusanya ndiyo ibadilishwe, msichana asiachwe nje.

Kabla hujasema umekubali

Sasa turudi kwako bibi harusi, na kwako mama unayepokea posa. Kutokana na historia yote hii, tunakuusia haya.

Lijue deni lako kwa nambari. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Usiseme nadaiwa kidogo. Nenda kwenye bodi iliyokukopesha, chukua taarifa ya deni, uiweke pamoja na mkataba. Na kama unakopa leo, soma mkataba wote kabla ya kutia saini, uliza kama kuna nyongeza yoyote juu ya unachochukua, na jibu ulipeleke kwa sheikh unayemwamini.

Mwambie mchumba. Makato ya asilimia 15 ni pesa ambayo haitafika nyumbani. Akilijua kabla, mtapanga pamoja. Akilijua baada, ataona alifichwa, hata kama hukuwa na nia ya kumficha.

Elewa kuwa deni ni lako na mahari ni yako. Sheria yetu imempa mwanamke mali yake na dhima yake. Mume halazimiki kukulipia deni lako, akikusaidia ni ihsani na ana ujira wake kwa Mola. Vilevile hakuna anayeweza kukulazimisha mahari yako iende kwenye deni. Ukiamua mwenyewe kulipia, ni uamuzi mzuri.

Kukaa nyumbani hakufuti deni. Wako wanaoolewa, wakaacha kazi kulea, wakadhani mambo yamekwisha. Makato yamekwisha, deni lipo. Kubalianeni mapema kama ataendelea kulipa kutokana na biashara yake ndogo, au mume atamsaidia mpaka mtoto akue.

Liandike kwenye wasia. Tunajua mirathi haigawiwi mpaka deni la maiti litolewe, na tumehadharishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa roho ya muumini hufungwa na deni lake. Warithi wako wasije wakalijua kwa barua.

Aliyezidiwa kwa kweli asione haya. Wenye madeni ni miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka, na mdai ameamrishwa kumpa muda mdaiwa mwenye dhiki. Nenda bodi ueleze hali yako, nenda kwa sheikh uulize, usikimbie.

Na wewe mama mwenye binti anayetaka kozi ya amali: kabla ya kumwandikisha, uliza orodha ya vifaa, si ada peke yake. Anza upatu wa cherehani mwaka mmoja kabla. Mpaka Serikali itakapomfungulia mlango, upatu wako ndio bodi yake ya mikopo.

Wazee wetu walisomeshwa na wakulima wakalipa kwa jasho la utumishi. Sisi na wadogo zetu tumesomeshwa kwa fedha za umma, na kila shilingi tunayorudisha inamsomesha binti mwengine anayesubiri nyuma yetu. Tulipe kwa nia hiyo, maana anayekopa akiwa na nia ya kulipa Mwenyezi Mungu humsaidia kulipa.

Allah awatie wepesi wenye madeni, awape stara mabibi harusi wetu, na awafungulie mafundi wetu wa kike milango wasiyoitarajia. Amin.